Genius: soma juu, soma chini, katikati fungua macho

Kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu vya shule, kwa hiyo kutwa nzima macho yangu yako chini ya ukurasa, kule kwenye tanbihi. Tanbihi nzuri naijua, na ya kujazia nafasi naijua pia. Ile nzuri inakupa jambo ambalo mwandishi asingeweza kulisema juu bila kuvuruga mwendo wa sentensi yake: jina la mtu, mwaka, mahali, sheria iliyokuwapo wakati huo. Ya kujazia nafasi inarudia kilichokwisha kusemwa, ila kwa maneno marefu zaidi. Hip-hop nimeisikiliza tangu enzi za kaseti, na kipimo hiki cha kazini ndicho ninachokitumia leo kuipima Genius, tovuti inayoeleza maana ya mistari ya rap na chimbuko la nyimbo zenyewe.

Kwa asiyeijua, inakwenda hivi. Unatafuta wimbo, unaletewa maneno yake yote. Mistari yenye maelezo imewekewa kivuli. Ukiugusa mstari, maelezo yanafunguka. Juu ya maneno kuna habari fupi kuhusu wimbo wenyewe. Chini kabisa kuna orodha ya waliohusika: watunzi, maprodyuza, nyimbo zilizokatwa vipande kutengeneza biti hii, yaani mdundo wake, na nyimbo za baadaye zilizokuja kukata vipande kutoka humu. Maelezo anaandika yeyote aliyejisajili, wahariri wa kujitolea wanayapitia, na msanii akiandika mwenyewe, maneno yake yanapewa alama ya kijani ya kuthibitishwa. Hakuna ada. Unalipa kwa kuvumilia matangazo.

Shauri langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: soma juu, kisha teremka moja kwa moja hadi chini, halafu ndipo urudi katikati. Wengi tunafanya kinyume. Tunakimbilia mstari mmoja tuliobishania, tunaugusa, tunasoma aya moja, tunafunga na kwenda kumshinda mtu kwenye mabishano. Na katikati ndiko kwenye pumba nyingi kuliko mchele.

Sababu yake iko kwenye asili ya tovuti. Ilianza 2009 nchini Marekani, kazi ya watu watatu waliofahamiana Chuo Kikuu cha Yale: Tom Lehman, Ilan Zechory na Mahbod Moghadam. Chanzo kilikuwa ni kutoelewa mstari wa rapa Cam'ron. Jina la kwanza lilikuwa Rap Exegesis, neno la wafasiri wa maandiko matakatifu, wakaliacha mwaka huohuo kwa kuwa watu walishindwa hata kuliandika, ikawa Rap Genius. Mwaka 2012 kampuni ya uwekezaji ya Andreessen Horowitz ikaingiza dola milioni 15. Marc Andreessen akaeleza kwamba tangu 1993, alipokuwa akitengeneza kivinjari cha Mosaic, alikuwa na ndoto ya watu kuandika maelezo juu ya ukurasa wowote wa intaneti, ndoto ambayo haikutimia. Mwaka 2014 neno Rap likaondolewa kwenye jina, kwa kuwa sasa walitaka kueleza kila kitu: mashairi, hotuba, habari, sheria. Mwaka 2021 wakauzwa kwa kampuni ya MediaLab kwa dola milioni 80. Tangu mwanzo, basi, kipimo cha kazi kilikuwa mstari mmoja na maelezo yake. Lakini wimbo hautungwi hivyo. Wimbo una kisa, una watu, una mwaka wake, na mara nyingi maana ya mstari wa tatu inakaa kwenye jina lililoandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo.

Chukua Rapper's Delight ya Sugarhill Gang, ya 1979, wimbo wa rap wa kwanza kuuzika kila kona ya dunia. Mstari kwa mstari hauna fumbo: majigambo, chakula kibaya nyumbani kwa rafiki, wasichana, magari. Ukisoma katikati tu utatoka mikono mitupu. Lakini kuna mahali Big Bank Hank anajitambulisha kwa kutaja herufi moja moja za jina lake, na herufi zenyewe zinatoa Casanova. Hank hakuwahi kuitwa hivyo. Casanova Fly lilikuwa jina la Grandmaster Caz, rapa wa Bronx, New York. Hank alikuwa akisimamia kazi za Caz, na wakati huohuo akifanya kazi kwenye duka la piza huko Englewood, New Jersey, ambako Sylvia Robinson wa Sugar Hill Records alimsikia akichana, yaani akighani mistari ya rap, juu ya kaseti. Alipopewa nafasi ya kurekodi, akaenda kuazima daftari la mistari kwa Caz. Akaichana kama ilivyo, hata jina hakubadilisha. Mwizi kaacha kitambulisho cha mwenye mali mlangoni, na dunia nzima ikakiimba kwa furaha.

Sasa nenda kwenye orodha ya watunzi. Utawakuta Nile Rodgers na Bernard Edwards wa kundi la Chic, kwa sababu biti imejengwa juu ya Good Times na wao walitishia kwenda mahakamani. Wenye gitaa na besi walikuwa na wanasheria. Mwenye daftari hakuwa na mwanasheria. Jambo hilo huwezi kuliona ukigusa mstari. Unaliona ukilinganisha majina yaliyopo na jina lisilokuwapo. Kwa mtu wa tanbihi kama mimi, hiyo ni karamu.

Chini hukohuko ndiko nilikomfungulia mdogo wangu ukurasa wa They Reminisce Over You wa Pete Rock na CL Smooth, wa 1992. Yeye anachana, ana daftari lake na anajua kupanga vina, ila saksofoni ya mwanzo ilikuwa imemjengea picha ya wimbo wa sherehe. Ile saksofoni ni ya Tom Scott, kutoka kwenye rekodi yake ya Today, wimbo wa Jefferson Airplane alioupiga upya. Pete Rock aliukata na kuupachika kwenye ngoma nzito, ukawa moja ya biti zinazopendwa kupita kiasi katika historia ya rap. Jina la wimbo, ukichukua herufi za mwanzo za maneno yake, linatoa Troy. Ni Troy Dixon, aliyeitwa Trouble T-Roy, mchezaji wa Heavy D and the Boyz, aliyefariki 1990 kwa kuanguka huko Indianapolis walipokuwa kwenye ziara. Heavy D na Pete Rock ni binamu, wote wa Mount Vernon, New York.

Hapo mdogo wangu akaniuliza swali la maana: kama wimbo ni wa Troy, mbona vesi za mwanzo hazimtaji? Ni kweli. CL Smooth anaanza na mama yake aliyemzaa akiwa binti mdogo, anakwenda kwa wanaume waliomlea, anapita kwa mjomba, na Troy anafika mwishoni kabisa. Kwa hiyo msiba wa rafiki umewafungulia mlango wa kuhesabu wote waliowalea. Hilo hakuna mstari mmoja unaoweza kulibeba. Lazima uwe na ukoo wote mbele yako ndipo uone kwamba Troy amepewa kiti ndani ya familia. Tovuti inakupa majina yote. Kuyaunganisha ni kazi yako. Mimi sina ugomvi na mgawanyo huo.

Tupande juu sasa, kwenye habari fupi za nyimbo. Sehemu hii hupita kwenye mikono mingi, hivyo imechujwa, na huwa inajibu maswali mawili ambayo mstari haujibu: nani alikuwa studio, na kitu gani kilimsukuma. Mfano mzuri ni The Message, ya 1982. Jalada linasema Grandmaster Flash and the Furious Five, na watu wengi wanamsifu Flash kwa picha zile za vioo vilivyovunjika na ngazi zinazonuka. Flash hakuitunga wala hakuichana. Sehemu kubwa ya wimbo aliitunga Ed Fletcher, aliyejiita Duke Bootee, mwanamuziki wa studio wa Sugar Hill. Kundi halikuutaka, waliona una huzuni mno kwa watu wanaokuja kucheza. Sylvia Robinson akang'ang'ania, na katika kundi zima aliyechana ni Melle Mel peke yake, pamoja na Fletcher. Ile vesi ya mwisho, ya mtoto anayezaliwa asiyejua lolote na kuishia kujinyonga gerezani, Melle Mel alikuwa ameshaichana 1979 ndani ya Superrappin', wimbo wa kurusha roho tu. Maneno yaleyale yakapita bila kushtua mtu. Yalipowekwa juu ya biti ya polepole na baada ya vesi za Fletcher, yakawa msumari. Baadaye Maktaba ya Bunge ya Marekani ilipoanzisha orodha ya rekodi za kuhifadhiwa, The Message ilikuwa kwenye kundi la kwanza kabisa.

Habari ya namna hiyo inabadilisha unavyosikia. Brenda's Got a Baby ya Tupac, ya 1991, watu huichukua kama hadithi ya kubuni yenye mafunzo. Aliitoa gazetini. Alikuwa akiigiza filamu ya Juice, akasoma habari ya msichana wa miaka 12 aliyepewa mimba na binamu yake na kumtupa mtoto kwenye takataka. Ukishajua hivyo, unasikia kwamba hana muda wa kupamba. Anasimulia mfululizo, bila kiitikio cha kawaida, kama anayemaliza kusoma habari na kuuliza mbona hakuna aliyeshtuka.

Chimbuko pia si lazima litangulie wimbo. Alright ya Kendrick Lamar ilitoka 2015. Julai ya mwaka huo, kwenye mkutano wa wanaharakati weusi Cleveland, kulitokea vuta nikuvute na polisi juu ya kijana wa miaka 14, na umati ukaanza kuimba kiitikio chake. Tangu hapo ukawa wimbo wa maandamano. Mtu anayeeleza kiitikio kile leo bila Cleveland anaeleza nusu ya wimbo, ingawa Kendrick alipoandika hakukuwa na Cleveland yoyote.

Haya, katikati.

Maelezo ya mstari mmoja mmoja yana matabaka. Chini kabisa kuna ya mtoto wa shule aliyeambiwa aandike maneno mia: rapa anasema ana pesa nyingi, maelezo yanasema rapa anamaanisha kwamba ana fedha kwa wingi. Tabaka la pili ni la wawindaji wa panchi, yaani mistari ya kuchezea maneno, wanaoona maana nne katika neno moja, na ya nne inahitaji ujue mpira wa kikapu, dini na bei ya viatu kwa pamoja. Wanachangamsha, siwachukii, ila mara nyingi wanamwandikia rapa mashairi ambayo hakuyatunga. Tabaka la tatu ndilo la dhahabu: mtu anayejua mtaa, sheria au mtu aliyetajwa.

Dhahabu inaonekanaje? Vesi ya pili ya 99 Problems ya Jay-Z, ya 2003, biti ya Rick Rubin. Kiitikio ni cha Ice-T, aliyetoa wimbo wa jina hilo 1993, na kikisikika peke yake ni tusi kwa wanawake, kwa neno la Kiingereza ambalo maana yake ya asili ni mbwa jike. Vesi ya pili inatuweka barabarani 1994. Dereva ni kijana mweusi, kwenye buti kuna mzigo wa dawa za kulevya, polisi anamsimamisha kwa kisa cha kuzidisha mwendo maili moja. Anaomba kupekua gari, dereva anakataa, anatishiwa kuletewa mbwa wa kunusa. Katika kitabu chake cha 2010, Decoded, Jay-Z alieleza kwamba jambo la aina hiyo lilimpata, na kwamba anayetukanwa kwenye kiitikio safari hii ni huyo mbwa, jike la kikosi cha polisi ambalo halikufika kwa wakati. Tusi limegeuka kuwa ushahidi kwamba aliponea chupuchupu.

Mwaka 2012 profesa wa sheria, Caleb Mason, alichapisha kwenye jarida la sheria la Saint Louis University uchambuzi wa vesi hiyo peke yake, mstari kwa mstari. Dereva wa Jay-Z anajitapa kwamba kisanduku cha mbele na buti vimefungwa kwa ufunguo, kwa hiyo polisi waje na hati ya upekuzi. Mason anasema hapo rapa kachemka. Tangu 1925 sheria ya Marekani inaruhusu gari kupekuliwa bila hati, mradi polisi wana sababu ya kutosha ya kushuku, na kufuli halibadilishi kitu. Hoja nzito ya dereva iko kwingine, kwenye kumkawiza ili mbwa afike. Mwaka 2015, katika kesi ya Rodriguez, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba polisi hawawezi kurefusha kumsimamisha dereva kwa ajili ya mbwa bila sababu ya kushuku. Hiyo ndiyo tanbihi. Imemheshimu msanii kiasi cha kumsahihisha.

Alama ya kijani nayo usiinamie. Inathibitisha nani kasema. Ukweli wa alichokisema ni suala lingine. Rapa ni msimulizi, na msimulizi akiulizwa habari ya hadithi yake anakupa hadithi nyingine. Jay-Z huyohuyo ni mfano. Mwaka 1998 alitaka kutumia sauti za watoto kutoka Annie, tamthilia ya muziki ya Broadway, kwenye Hard Knock Life. Biti ilikuwa ya Mark the 45 King. Ili kupata ruhusa, aliwaandikia wenye haki barua akisimulia kwamba akiwa mwanafunzi Brooklyn mwalimu alishindanisha insha, watatu bora wakapewa tiketi za kwenda kuitazama Annie, naye akawa mmojawapo, akaguswa mno. Ruhusa ikatoka. Miaka mingi baadaye akakiri ndani ya Decoded kwamba hakukuwa na shindano wala tiketi. Kama barua ile ingewekwa tovutini wakati huo, ingepewa kijani, na sisi wote tungeinukuu.

Kinyume chake kipo pia, ambapo hadithi inayonuka uongo ni ya kweli. DUCKWORTH. ya Kendrick, inayofunga albamu ya 2017 iliyompa tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, inasimulia mhuni aliyepanga kuvamia mgahawa wa KFC, na mfanyakazi wa dirishani aliyekuwa akimpa kuku wa bure na biskuti mbili za nyongeza ili kujipatanisha naye. Mhuni ni Anthony Tiffith, aliyekuja kuanzisha lebo iliyomlea Kendrick. Mfanyakazi ni baba yake Kendrick. Wimbo wenyewe unasema haya yote, na hapo maelezo yanayofaa ni mafupi: ndiyo, ilitokea. Bahati mbaya maelezo mafupi hayampi mchangiaji sifa, na tovuti inawapa wachangiaji alama kwa kuandika. Ukilipa watu kwa maneno, watakuletea maneno.

Niseme kidogo juu ya maandishi yenyewe ya nyimbo, maana ndiko moyo wangu wa usahihishaji unakodundia. Kusikia rapa na kuandika sawasawa ni kazi ngumu, na wanaoifanya ni wapenzi tu, bila ujira. Mwaka 2016 ulivuma Panda wa Desiigner, wimbo ambao maneno yake yalikuwa hayashikiki, na Genius wakayapata kutoka kwake mwenyewe. Wakaona maneno yaleyale yametokea kwenye kisanduku cha majibu cha Google. Wakaweka mtego ambao ungemfurahisha msahihishaji yeyote: walipanga ritifaa, kile kialama kinachokaa juu katika neno kama ng'ombe. Kwenye baadhi ya nyimbo walichanganya ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda, kwa mpangilio ambao ukiusoma kama nukta na mistari ya msimbo wa Morse, unatoa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukamatwa na kidhibiti mkononi. Hakuna msomaji wa kawaida angegundua. Ritifaa zile zikaonekana Google, zimepinda na kunyooka vilevile, na Juni 2019 gazeti la Wall Street Journal likaanika kisa chote. Google wakasema maneno hununua kutoka kwa kampuni washirika, na hawanakili tovuti za watu.

Genius walikwenda mahakamani na wakashindwa: kesi ilitupwa 2020, rufaa ikagonga mwamba 2022, na 2023 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Sababu ni chungu lakini ina mantiki. Maneno ya wimbo ni mali ya mtunzi na wachapishaji wake. Aliyeyasikiliza na kuyaandika hana hatimiliki, hata kama alikesha. Na Genius wenyewe walikuwa wameonjeshwa dawa hiyo: Novemba 2013 chama cha wachapishaji wa muziki cha Marekani kiliwaweka juu ya orodha ya tovuti 50 zilizochapisha maneno bila leseni, ndipo wakaingia mikataba. Nafikiri sheria iko sawa, na bado naipigia saluti akili iliyopanga ritifaa zile.

Jambo linalonifanya niwe mkali juu ya katikati si kupenda ubishi. Mstari ukishanyofolewa kwenye wimbo unaweza kutumika kwa lolote. McKinley Phipps, aliyejulikana kwa jina la Mac, alikuwa rapa wa No Limit Records huko Louisiana. Mwaka 2000 kijana mmoja aliuawa kwa risasi ukumbini alikokuwa na onyesho. Mtu mwingine alikiri kufyatua, lakini Mac ndiye aliyeshtakiwa. Mbele ya baraza la wazee wa mahakama, mwendesha mashtaka alichukua maneno ya mauaji kutoka wimbo mmoja, akayaunganisha na mstari wa risasi kichwani kutoka wimbo mwingine, akayasoma kama ni kauli moja. Maneno ya kwanza yalikuwa tambo za kuwashinda marapa wenzake. Mstari wa pili ulimhusu baba yake Mac, askari aliyepigana Vietnam. Mwaka 2001 Mac alihukumiwa miaka 30, kwa kura ambazo hazikuwa za kauli moja. Alitoka 2021 baada ya gavana kumpunguzia adhabu. California imepitisha sheria, 2022, inayowataka majaji wapime kwa uangalifu kabla ya kuruhusu kazi za sanaa zitumike kama ushahidi wa jinai.

Kwa hiyo ninapoona ukurasa umejengwa ili mstari mmoja ung'ae na mingine ififie, nataka kitu kimoja kiongezwe: chini ya kila maelezo ya mstari, yaandikwe maneno yanatoka wapi na yaliandikwa mwaka gani. Mahojiano ya redio? Kitabu? Rekodi ya mahakama? Au mchangiaji kawaza tu akiwa kitandani? Wengine huweka kiungo, wengine hawaweki, na msomaji anapewa vyote kwa mwandiko uleule na uzito uleule. Vitabuni ninakofanya kazi, tanbihi isiyo na chanzo inarudishwa kwa mwandishi ikiwa na mstari mwekundu.

Video zao za wasanii kueleza mistari mbele ya kamera ni burudani nzuri, hasa rapa anapouchana mstari bila biti na ukasikia pumzi anazivutia wapi; maana yenyewe anaieleza kwa sentensi moja na kupita. Programu ya simu inafaa zaidi ukiwa unasikiliza, tovuti inafaa zaidi ukiwa unachimba. Anayetaka vina na mbinu za kupanga silabi atafute kwingine, hapa vimeguswa juujuu tu. Anayetaka kujua biti imetoka wapi na kisa kimeanzaje, aingie bila wasiwasi. Kwangu mimi sehemu ya juu na ya chini zinapata nne na nusu kwa tano. Katikati naipa mbili na nusu, na nusu hiyo ni ya ritifaa.